Tozo, Benki na Kibubu: Akiba ya Mtu wa Singida Inaogopa Nini?

Septemba 20, 2022 Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni Dodoma kutangaza kuwa Serikali imerudi nyuma. Tozo ya kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu, na kutoka kwenye simu kwenda benki, ilifutwa. Ikafutwa pia ile ya kuhamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, ziwe za benki moja au za benki mbili. Anayetoa kwa wakala wa benki au kwenye ATM kiasi kisichozidi Sh30,000 naye akaachwa. Makato hayo ya benki yalikuwa hayajatimiza hata miezi mitatu.

Mkoani Singida habari hiyo ilikuwa na ladha yake, maana aliyekuwa akiisoma ni mbunge wa Iramba Magharibi tangu 2010. Mtu wa Shelui au Ndago aliyekatwa fedha akitoa kwa wakala, alikatwa kwa kanuni zilizotoka mezani kwa mbunge wake mwenyewe. Jambo hilo haliifanyi tozo kuwa mbaya zaidi wala nzuri zaidi. Linafaa tu kukumbukwa kila tunaposikia kwamba sera za fedha hutungwa na watu wasioijua njia ya kijijini. Waziri huyu aliijua. Tatizo lilikuwa kwingine.

Swali lililoulizwa mitaani wakati ule lilikuwa fupi: Serikali imeanza kula akiba zetu? Wengi walijibu ndiyo, wakaenda kutoa. Wizara ikajibu hapana, kinachotozwa ni muamala, fedha iliyolala haiguswi. Kwa herufi ya sheria wizara ilikuwa sahihi. Lakini jibu hilo linamfaa mtu ambaye fedha yake inaweza kulala na kutembea bila kugeuka noti, na watu wa namna hiyo si wengi Mkalama wala Ikungi.

Turudi mwanzo. Bajeti iliyosomwa Juni 10, 2021 ilileta tozo kwenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Makato yakaanza Julai 15. Bajeti hiyohiyo iliongeza Sh100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na kuhamishia kodi ya majengo kwenye umeme wa LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kueleweka: vituo vya afya vya tarafa, madarasa, barabara za vijijini, maji. Katika wiki nne za kwanza zilikusanywa takribani Sh48 bilioni, na Serikali ikaonyesha haraka zinakokwenda.

Kelele nazo zilikuwa za haraka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza suala liangaliwe upya, na Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, cha juu kikashuka hadi Sh7,000. Julai 2022 vikashuka tena kwa asilimia 43, cha juu kikawa Sh4,000. Ila safari hii nafuu ilikuja na mzigo ndani yake: tozo iliyokuwa kwenye simu ikaingia na benki. Mwalimu ambaye mshahara wake umeshakatwa kodi kabla haujafika akauntini alijikuta anakatwa tena akiutoa. Hapo ndipo neno akiba lilipoingia kwenye mjadala kwa nguvu, na hapo ndipo Septemba 20 ilipotokea. Mwaka uliofuata, kwa bajeti iliyoanza Julai 2023, tozo ya kutuma kwa simu ikaondolewa. Ya kutoa ikabaki.

Tazama mkondo wa nafuu hizo. Kila safari Serikali ilipofuta tozo, iliachia zaidi upande wa fedha inayotembea bila kushikwa mkononi. Kuhamisha kukaachwa, kutuma kukaachwa, na kilichobaki kikawa kutoa. Wataalamu wana sababu nzuri ya kupenda hivyo, kwa kuwa nchi inataka watu waache noti na walipe kwa simu na kadi. Lakini kodi inayomkata anayetoa noti ni kodi ya mtu ambaye sokoni kwake noti ndiyo inayopokelewa.

Singida ina watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, na wengi wanaishi kwa alizeti, vitunguu, dengu, mtama, kuku wa kienyeji na ng'ombe. Alizeti huanza kuingia sokoni Mei na kuendelea hadi Agosti. Tozo ya kwanza ilianza katikati ya Julai, msimu wa kuuza ukiwa umekolea. Fuata fedha ya gunia moja. Mnunuzi wa Dar es Salaam anamtumia dalali aliyeko Singida mjini. Dalali anatoa kwa wakala, anapanda gari kwenda vijijini, analipa taslimu shambani. Mkulima anarudi nyumbani na noti, anazihofia, kesho anakwenda kwa wakala kuweka kwenye simu. Kuweka ni bure. Wiki mbili baadaye anamtumia mtoto aliyeko shule Dodoma, na mwenyeji wa mtoto anatoa. Januari anatoa zilizobaki anunue mbegu na kulipia vibarua. Kodi ya mapato huuliza umepata kiasi gani. Tozo haiulizi hilo, inauliza umezitembeza mara ngapi, na fedha ya mkulima hutembea mara nyingi kabla haijamaliza kazi yake. Ongeza makato ya kampuni ya simu yenyewe, ambayo hayakuondoka popote, na ushuru wa mazao wa halmashauri ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru huo kisheria anaulipa mnunuzi, lakini bei shambani huujua.

Mtu akipiga hesabu hiyo, jibu lake huwa moja: aache noti ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Mawakala wa simu walilalamika kwamba wateja wamepungua, na kampuni za simu zikakiri hadharani kuwa miamala imeshuka. Akiba iliyokuwa imeanza kuzoea simu ikarudi kwenye kibubu na chini ya godoro. Kibubu hakina tozo, ila kina mwizi, moto, mchwa, na shemeji mwenye shida. Serikali ilitaka shilingi ipite kwenye mfumo ili iweze kuiona, ikaweka makato mlangoni, kisha ikashangaa watu kutopita.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, tozo kwenye akiba, maana zipo serikali zilizofanya hivyo bila kuzunguka. Iliyo karibu nasi zaidi ni ya Uganda. Mei 1987 Serikali ya Yoweri Museveni, ikiwa na miaka isiyofika miwili madarakani na nchi ikiwa imechoka kwa vita na mfumuko wa bei, ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kupunguza sifuri peke yake si kumnyang'anya mtu, lakini juu yake iliwekwa kodi ya ubadilishaji ya asilimia 30, kwenye noti zilizopelekwa kubadilishwa na kwenye amana za benki pia. Aliyeweka akiba kwa miaka mingi alipoteza karibu theluthi yake kwa tangazo moja, na aliyekuwa ametii ushauri wa kuweka benki hakupata pa kukimbilia, kwa kuwa zake zilikuwa zimeandikwa kwenye leja tayari.

Italia ilifanya jambo la namna hiyo Julai 1992. Serikali ya Giuliano Amato ilikata shilingi 6 katika kila 1,000 iliyokuwa benki, tukiihesabu kwa fedha yetu, na watu wakajua asubuhi. Cyprus ndiyo inayokumbukwa zaidi. Machi 2013 benki zake kubwa zilikuwa zimefilisika, na wakopeshaji wa Ulaya wakataka wenye amana wachangie: asilimia 6.75 kwa aliye chini ya yuro 100,000 na 9.9 kwa aliye juu. Bunge likakataa. Benki zikafungwa karibu wiki mbili. Mwishowe wadogo wakaachwa, na wenye zaidi ya yuro 100,000 katika Bank of Cyprus wakapoteza asilimia 47.5 ya kilichozidi, ambacho kiligeuzwa hisa za benki hiyohiyo.

Ukizipanga kesi hizi mbele ya tozo ya Tanzania, tofauti ni kubwa. Hapa hakuna aliyeamka akakuta salio limepungua akiwa amelala. Katiba yetu, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali bila idhini ya sheria yenye kuweka fidia ya haki, na ibara ya 138 inakataza kodi yoyote isiyopitia sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa kwa sheria. Hizo ni kuta za kweli. Lakini soma ibara ya 138 mpaka mwisho: utaratibu uliowekwa kwa sheria. Tozo ilipita kwenye mlango huo. Sheria ya Fedha ya 2021 iliipa wizara uwezo ndani ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na viwango vikawekwa kwa kanuni. Ndiyo maana vilipungua Septemba bila kusubiri bajeti, na ndiyo maana viliingia benki Julai iliyofuata huku watu wengi wakiisikia habari kutoka kwenye ujumbe wa benki yao katikati ya Agosti. Kanuni inashuka upesi, na inapanda upesi vilevile.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tozo ya 2022 ilikuwa kodi ya akiba, nasema haikuwa, ila ilifanya kazi moja ya kodi ya akiba, nayo ni kumfanya mtu ajutie kuweka. Uganda ya 1987 iliondoa fedha. Tozo yetu iliondoa imani kwa bei ndogo zaidi, na mapato yake hayakuwa makubwa kiasi cha kustahili hasara hiyo.

Wakati macho yote yakiwa kwenye tozo, kuna makato mengine ya akiba yanayopita kimya, na hayajawahi kuandamaniwa. La kwanza ni kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba. Mtu wa Manyoni akiweka Sh2,000,000 kwenye akaunti ya akiba, tuchukulie riba ni asilimia 2.5 kwa mwaka, anapata Sh50,000. Benki inakata Sh5,000 na kuipeleka TRA. Zinabaki Sh45,000. Mwaka 2024 bei za vitu zilipanda kwa wastani wa asilimia 3.1, maana yake alihitaji Sh62,000 ili fedha yake inunue kilekile ilichonunua mwaka uliotangulia. Amepoteza Sh17,000, na amekatwa kodi ya faida ambayo hakuipata. Hapo sijagusa ada ya mwezi ya akaunti, wala ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada hiyo, wala VAT. Hesabu hii haina kelele kwa sababu hakuna ujumbe wa simu unaokuja kusema leo umekatwa na mfumuko.

Wazee wanaijua vizuri zaidi. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulicheza karibu na asilimia 30 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka. Benki zilikuwa za Serikali tangu Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, na Benki ya Taifa ya Biashara ndiyo iliyopokea karibu kila akiba na kukopesha mashirika ya mazao na vyama vya ushirika ambavyo vingi havikurudisha. Hakuna mwenye amana aliyeambiwa fedha yako imepotea. Kila mmoja alipewa aliyoweka, shilingi kwa shilingi. Lakini dola iliyokuwa kama Sh8 mwaka 1980 ilifika zaidi ya Sh190 mwaka 1990, karibu Sh800 mwaka 2000, na Sh2,500 mwishoni mwa 2023. Sh10,000 za 1980 zilikuwa na thamani ya dola zaidi ya 1,200. Aliyezihifadhi kwa miaka 10 bila riba alikuwa na dola kama 50. Hiyo ndiyo tozo kubwa kuliko zote zilizowahi kukata akiba ya Mtanzania, na haikupitishwa na Bunge lolote.

Singida ina kumbukumbu ya zamani zaidi ya jambo hili, ingawa wachache huisimulia. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita na bila noti kutoka kwao, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Wakati huohuo walikuwa wakichapa noti za dharura kwa wingi. Utawala wao ulipoondoka noti zile zikawa karatasi. Sarafu za Sekenke zinauzwa ghali na wakusanyaji hadi leo.

Si ajabu basi kwamba akiba ya asili ya mkoa huu ilikuwa na miguu minne. Mnyaturu au Mnyiramba mwenye ng'ombe hakuwa na wasiwasi na mfumuko, kwa kuwa ng'ombe huzaa na bei yake hupanda na bei za vitu. Ana hofu nyingine, ya ukame, ya ugonjwa, na ya kuuza kwa bei ya kutupa siku ambayo kila mtu anauza kwa sababu mvua imekosekana kwa wote. Mnadani kuna ushuru pia. Anayesema wafugaji waache ng'ombe waende benki aanze kwa kueleza riba ya asilimia 2.5.

Kuna mkono mwingine wa Serikali uliowahi kuingia akauntini, na huu ulikuwa mkono wa kweli. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kuiagiza benki ilipe deni la kodi kutoka kwenye akaunti ya mdaiwa. Katika nchi yoyote sheria kama hiyo ipo. Lakini katika miaka ya Awamu ya Tano wafanyabiashara walilalamika kwamba akaunti zinafungwa na fedha kuchukuliwa kabla mabishano ya kodi hayajaisha. Aprili 6, 2021, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais Samia aliwaambia viongozi wa TRA waache kukusanya kodi kwa nguvu na kuacha mtindo huo wa kuwafungia watu akaunti. Aliyenufaika na kauli hiyo ni mwenye duka la jumla na mwenye kiwanda. Muuza kuku wa Misigiri hajawahi kufikiwa na notisi ya TRA benki. Yeye hofu yake ni benki yenyewe.

Hapa tunafika kwenye usalama wa akiba kwa maana yake ya wazi, benki ikianguka. Watanzania wengi walidhani jambo hilo ni la nchi za mbali mpaka 2017. Mei mwaka huo Benki Kuu ilifuta leseni ya Benki ya Wananchi Mbinga na ya FBME. FBME ni kisa cha pekee. Ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa ya biashara yake ilikuwa Cyprus, kisiwa kilekile cha 2013. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja kuwa kitovu cha utakatishaji fedha, ikakatwa kutoka kwenye mfumo wa dola, na kutoka hapo haikupona. Mwenye akaunti wa Tanzania ambaye hajawahi kuiona Cyprus kwenye ramani alikosa fedha zake kwa mambo ya huko.

Januari 4, 2018 zikafuata tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Zilikosa mtaji unaotakiwa. Tatu za mwisho ndizo zinazopaswa kuusumbua mkoa kama Singida, kwa sababu zilikuwa benki za wakulima, zilizoanzishwa na watu wa huko kwa fedha za huko, kwa hoja kwamba benki kubwa hazimjali mtu mdogo. Hoja ilikuwa ya kweli, ila mtaji haukutosha.

Waliokuwa na amana kwenye benki hizo walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana. Bodi hii ilianza 1994, baada ya sheria ya 1991 kufungua milango kwa benki binafsi. Kila benki huchangia asilimia 0.15 ya wastani wa amana zake kwa mwaka, na benki ikifa mwenye amana analipwa hadi kikomo. Benki hizo zilipofutwa, kikomo kilikuwa Sh1,500,000. Mkulima wa Njombe aliyekuwa na Sh6,000,000 alipata moja na nusu, zilizobaki akaambiwa asubiri ufilisi, yaani mali za benki zikusanywe na madeni yadaiwe, kazi ya miaka. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi Sh7,500,000 kwa mwenye amana mmoja katika benki moja. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko yote ya tozo kwa usalama wa akiba, na yalipita karibu bila mtu wa kijijini kuyasikia. Mkulima yuleyule leo angelipwa zote.

Kuna benki nyingine ambazo ziliyumba, na amana zake zikahamishiwa benki nyingine badala ya kuachwa zisubiri ufilisi. Twiga Bancorp iliwekwa chini ya Benki Kuu 2016, ikaunganishwa na Benki ya Posta (TPB) 2018. Bank M ilisimamishwa Agosti 2018, mali na madeni yake yakaenda benki ya Azania. Njia hii ya kuhamisha ni bora kwa mteja, ingawa miezi ya kusubiri akaunti ifunguliwe ina mateso yake kwa anayedaiwa mishahara ya vibarua.

Lakini bima hiyo inafunika nini hasa? Inafunika amana zilizoko kwenye benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 nchini, 72 wanatumia fedha za simu, na 22 tu ndio wanaotumia benki. Mjini Singida utaona matawi ya NMB na CRDB yenye foleni, ukifika vijijini unakuta kibanda cha wakala, na nyuma ya kibanda hicho, chini ya mwembe, kikoba cha akina mama kinakutana Jumamosi na sanduku lenye kufuli tatu. Fedha iliyoko kwenye simu inalindwa kwa utaratibu wake: kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015 kampuni ya simu lazima iweke shilingi hiyohiyo kwenye akaunti ya udhamini benki, isiitumie kwa biashara zake. Ni ulinzi mzuri. Kikoba kinalindwa na nini? Na funguo tatu, na aibu. Akiba za SACCOS zinalindwa na leseni na ukaguzi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, sheria iliyovitaka pia vikundi visajiliwe. Bodi ya Bima ya Amana haipo hapo. Mhasibu akitoroka na fedha za chama, hakuna wa kupeleka fomu ya madai ya Sh7,500,000.

Na waliofilisiwa nje ya benki ni wengi. DECI, iliyoanguka 2009, ilijiita mpango wa kupanda na kuvuna, ikaahidi faida kubwa kwa muda mfupi, na ikawamaliza watu katika mikoa mingi. Viongozi wake walihukumiwa 2013. Kila miaka michache huja nyingine yenye jina jipya na programu ya simu. Watu huziita upatu, ingawa upatu wa kweli, mchezo wa kijumbe na wanawake kumi wanaojuana, ni salama zaidi kuliko taasisi nyingi zenye nembo.

Hapa ndipo ninapoona mjadala wa tozo ulipotupoteza njia. Ulitufanya tuangalie mkono wa Serikali mlangoni pa benki, na tulikuwa na haki ya kuuangalia. Lakini akiba nyingi ya mkoa huu haikuwa benki. Ilikuwa kwenye ng'ombe, kwenye sanduku la kikoba, kwenye hisa za SACCOS ya walimu, kwenye gunia la alizeti lililowekwa stoo likisubiri bei. Tozo ikaongeza sababu moja zaidi ya kuibakiza huko, mahali ambapo hakuna bima wala mkaguzi. Serikali iliyopandisha kikomo cha bima mwaka 2023 ili watu waiamini benki ndiyo iliyoacha tozo ya kutoa ikatawala mlango wa kutokea. Sera mbili za ofisi jirani zilivutana.

Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, ikiwa na dhamira ya kuwahudumia wakulima na vyama vyao. Kwa mkoa wa vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) na stakabadhi ghalani ni habari njema, kwa kuwa fedha ya chama ikiwekwa humo inaingia chini ya bima ya amana, tofauti na ikiwa kwenye kabati la katibu. Mtu aliyeona Kagera na Njombe ana haki ya kuuliza mtaji wake ukoje na nani anasimamia mikopo yake. Na aliyeona Julai 2022 ana haki ya kuuliza malipo ya mkulima yatakatwa kiasi gani yakitoka humo kuwa noti.

Novemba 2025 Dk. Nchemba aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Miradi iliyotajwa kuihalalisha tozo bado inahitaji fedha, vituo vya afya vinahitaji dawa na wahudumu baada ya kuta, na hazina ya ndani ndiyo inayotegemewa. Shinikizo la kukata kwenye miamala litarudi, kwa jina lilelile au jingine, kwa sababu ni kodi rahisi kukusanya kuliko zote: mashine inakata, mashine inapeleka, hakuna anayefukuzana na mtu. Wabunge wa Singida, na wa mikoa inayofanana nayo, wana mambo mawili ya kudai kabla siku hiyo haijafika. Viwango viandikwe kwenye sheria yenyewe, visomwe na kujadiliwa bungeni, visiachiwe kanuni inayoweza kuenea kutoka simu hadi benki kati ya Juni na Agosti. Na kiasi cha kutoa kisichotozwa kipandishwe. Sh30,000 za 2022 hazikutosha hata gunia moja la mbegu na nauli ya kulifuata mjini.